Gunia Nililotoka Nalo Bihambwe

Ukitaka kujua kama udongo una nguvu, usiuangalie juu. Chomeka vidole. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa bado sijafika kiunoni mwake, kwenye shamba letu la mlimani Bihambwe, ambako ardhi imesimama kama ukuta na mtu akiangusha kiazi lazima akifuate bondeni. Vidole vikiishia kwenye kucha, udongo una njaa. Vikiingia mpaka kiungo cha pili, unapumua. Kiganja kizima kikizama, shukuru Mungu, na uendelee kuulisha, kwa maana aliyeshiba leo ataona njaa kesho.

Asubuhi ya kwanza nilipoamka Mpofi nikiwa mke wa mtu, nilitoka nyuma ya nyumba, nikateremka hadi kwenye kiraka kilichokuwa kando ya kijito, nikachomeka vidole. Viliishia kwenye kucha.

Naomba niieleze Mpofi kwa wasioijua. Nimetoka Masisi, juu, kwenye baridi, ambako watu wanalima maharage na viazi na majirani wao wanachunga ng'ombe. Mpofi iko chini, upande wa Walikale, kwenye joto na msitu. Huko watu wanalima mpunga. Mwanaume anakata miti mvua inapopungua, anaiacha ikauke, anaichoma. Mwanamke anatoboa mashimo kwenye majivu na kudondosha mbegu. Mwaka wa kwanza mpunga unafika kifuani. Mwaka wa pili unafika kiunoni. Mwaka wa tatu unavuna nyasi. Basi mnaacha, mnasogea mbele, mnakata msitu mwingine.

Sikuwahi kuuita uvivu, na wewe usiuite hivyo. Ilikuwa akili nzuri wakati watu walikuwa wachache na msitu ulianzia mlangoni. Shamba lililoachwa lilipumzika mpaka likaota miti tena. Lakini nilipofika mimi, msitu ulikuwa umekimbia mbali, na viraka vya karibu vilikuwa vimerudiwa mara nyingi kabla ya kupumzika. Vilikuwa vimechoka kama mwanamke anayezaa kila mwaka.

Shamba la kwanza la mume wangu nilimpelekea chakula kikiwa bado moto. La pili, chakula kilifika kimepoa. La tatu sikupeleka tena. Alibeba unga, chumvi na samaki wakavu, akajenga kibanda huko huko, akalala huko akilinda mpunga usiliwe na ndege. Alirudi baada ya wiki mbili, kisha tatu. Akirudi ananukia moshi, na watoto wanamtazama kwanza kabla ya kumkimbilia.

Mume wangu si msemaji. Ana jambo moja: akifika nyumbani, kabla ya kusalimia yeyote, anachota maji kwa kopo na kuosha miguu, polepole, kisigino kwanza, huku akiimba puani wimbo wa kanisani usio na maneno. Ndiyo salamu yake. Mimi nikiwa jikoni nilijua kwa sauti ya maji yale kwamba bwana amerudi. Na zile wiki ambazo hayupo, kila mtu aliyemwaga maji nje alinishtua moyo.

Jioni moja nilimwambia, "Papa ya batoto, tulime kale kakipande ka nyuma."

Akacheka kidogo. "Kale? Kale kamechoka tangu wakati ya babu yangu."

"Kamechoka juu ya vile hakuna mutu anakalisha."

"Udongo njo unalisha batu, mama. Weye unataka batu balishe udongo?"

"Njo hivyo tunafanyaka kwetu," nikasema, yaani ndivyo tufanyavyo.

Aligeuka akakitazama kiraka. Kisha akasema neno ambalo nililishika kama mtu anavyoshika mkia wa ng'ombe mtoni: kiraka kile kikitoa magunia matatu katika msimu mmoja, yaani kiasi kinachotosha nyumba yetu mpaka mavuno mengine, hatakwenda tena kukata pori. Atakaa.

Magunia matatu. Nilidhani ni jambo la msimu mmoja tu.

Nilianza kwa kosa, na nalieleza lote ili wewe usilirudie. Kule Bihambwe, tukishapura maharage, mama alifukia mashina na maganda yake shambani, na baada ya muda mfupi tulipanda juu yake. Maharage yaliyofuata yalicheka. Basi nilipoona watu wa Mpofi wakipura mpunga na kuwasha moto kwenye majani yake yaliyobaki, nilisikitika. Hicho ni chakula kinachochomwa! Nikaomba majani kwa majirani, nikayabeba kichwani mafungu kwa mafungu, nikayafukia mabichi kwenye kiraka changu, na wiki ile ile nikapanda mpunga.

Uliota vizuri. Ulipofika kimo cha kiganja, ukageuka rangi. Si kona moja. Kiraka chote kilikuwa manjano.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Alikuja akasimama pembeni, mikono kiunoni, na mashemeji zangu wawili nyuma yake.

"Oh! Muke ya mulima," akasema, "muchele yako iko na homa ya manjano. Tuipeleke ku hopitali?"

"Tuibebe ku kipoyi," shemeji mmoja akadakia, maana yake machela tunayobebea wagonjwa.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka, kwa sababu mgeni asiyecheka anabaki mgeni. Lakini usiku ule mto wangu wa kulalia ulilowana machozi. Kiraka kilitoa chini ya gunia moja, mpunga mwembamba uliojaa makapi. Mume wangu hakusema lolote baya. Alinoa panga, akafunga unga wake, akavuka mto wa kwanza, kisha wa pili, ndani kabisa ya msitu. Hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kulima ng'ambo ya mto ule.

Tulipompata mtoto wetu wa tatu, nilikwenda kumwonyesha kwa wazazi wangu, kama desturi inavyotaka. Mama alimpokea mjukuu, akamnusa kichwa, akanirudishia. "Sasa sema kinachokukondesha."

Nikamweleza majani, na manjano, na mto wa pili.

Mama hakucheka. Alichukua mashina mawili uani, moja la maharage, moja la mtama. La maharage alilivunja kwa vidole viwili. La mtama alilipinda, likagoma. "Hii laini," akasema, "ikioza, inaoza na chakula yake ndani. Hii ngumu haina chakula ya kutosha. Ili ioze, inakopa kwa udongo. Weye ulipanda muchele wakati majani bado inakula. Muchele ikakuta sahani tupu."

Ndiyo kosa lenyewe. Majani ya mpunga si mabaya; yanataka tu kula kwanza, na yale mahali pengine, yakimaliza ndipo yaingie shambani. Yanataka kulundikwa, kuloweshwa, kufunikwa na kugeuzwa, na yanataka kuanzishwa na kitu chenye nguvu. Kwetu kitu hicho ni samadi ya ng'ombe.

Ng'ambo ya kilima chetu inakaa familia ya wafugaji. Wanauza maziwa, na Jumapili tunaimba nao kwaya moja. Tangu zamani sisi huwapa mashina ya maharage kwa ajili ya ndama, nao hutuachia tufagie zizi. Mama wa nyumba ile aliposikia nakwenda na samadi mpaka Walikale, alinijazia gunia kwa mikono yake, ile kavu ya chini kabisa, nyeusi, isiyonuka.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu mambo. Mwanamke aliyetoka kwao hawezi kurudi kwa wakwe mikono mitupu. Na mwanamke aliyetoka Masisi, kila mtu anajua atabeba nini: fromage, ile jibini ya kwetu. Baba alikuwa ameninunulia vipande viwili, vya mviringo, vizito, pamoja na viazi. Lakini mwenye pikipiki aliangalia mizigo, akaniangalia mimi na mtoto mgongoni, akasema, "Mama, gunia moja. Chagua."

Nilisimama barabarani. Niliangalia fromage. Niliangalia gunia. Nikamrudishia mama fromage na viazi.

Siku ya pili, barabara ya pikipiki ilipoishia, nilikodi mbebaji, tukatembea kwa miguu mpaka Mpofi. Habari ilikuwa imenitangulia: muke ya mulima anarudi na gunia kubwa. Mama mkwe alikuwa ametandika mkeka. Alikuwa ameita majirani, na mzee wa kanisa pia. Sahani zilikuwa zimepangwa.

"Karibu, mwanangu! Karibu! Eh, iko nzito ile gunia! Fungua, batu baone."

"Mama, labda kesho..."

"Kesho? Batu bamekuja leo!"

Akafungua mwenyewe. Akaingiza mkono, akatoa, akautazama. Uwanja mzima ukanyoosha shingo.

"Njo nini hii?"

"Mavi ya ng'ombe, Mama."

Nyuma kabisa mtu mmoja alikohoa ili asicheke, akashindwa.

"Batu bengine banatoka Masisi na fromage," mama mkwe akasema taratibu, mkono bado uko hewani. "Weye unaniletea mavi. Sasa tukule na bugali?"

"Hapana ya kula, Mama. Iko ya shamba."

"Nimeita muzee ya kanisa aje kubariki mavi!"

Uwanja ukalipuka. Mzee mwenyewe alifuta machozi ya kicheko kwa leso. Mama mkwe hakucheka hata kidogo. Aliosha mkono, akaingia ndani, na kwa siku kumi aliniita "weye" tu. Mume wangu hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya mto wa pili.

Nilijenga lundo langu peke yangu, chini ya mgomba. Tabaka la majani ya mpunga, maji ya kijito, tabaka la majani mabichi ya porini, kisha samadi kidogo, kiganja kwa kiganja, kama mtu anayetia chumvi ghali. Juu nilifunika na majani ya mgomba. Siku ya nne nilichomeka fimbo katikati, nikaitoa, nikaishika. Ilikuwa moto.

Sikujua kwamba mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Alininyang'anya fimbo, akaishika mwenyewe. Kisha akainusa.

Lazima nikuambie kwamba yule mama ndiye aliyepika kasiksi bora Mpofi, ile pombe ya ndizi. Ndizi zake aliziivisha kwenye shimo, akazikamua, na kwenye maji yake matamu alitia unga wa mtama uliokaangwa. Bila unga ule, maji yanabaki maji. Ukitia, usiku kucha yanachemka bila moto.

"Iko sawa na kasiksi," akasema.

"Njo hivyo, Mama."

"Ile mavi njo unga ya mutama."

"Njo hivyo."

Akatikisa kichwa, uso umekunjwa bado. "Na juu ya nini hukusema hivyo siku ile, mbele ya batu? Unaniacha nashika mavi kama mujinga!" Akaenda zake. Asubuhi nilikuta kwenye mlango wangu karai limejaa vinyesi vya mbuzi wake. Gunia langu la Bihambwe lilianzisha lundo la kwanza. Mbuzi wa mama mkwe ndio walioendeleza mengine yote.

Yeye pia ndiye aliyenipeleka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Huko makapi yalirundikwa kama kichuguu na mwenye mashine aliyachoma kila Jumamosi mpaka yakawa majivu meupe. Nilimwomba nichome mimi. Unawasha moto mdogo katikati, unayasogeza makapi taratibu, na yanapokuwa meusi kama manyoya ya kunguru, kabla hayajawa meupe, unamwagia maji. Ukiyaacha yawe meupe, unono wake wote umekwenda angani na moshi. Ukiyazima yakiwa meusi na kuyachanganya shambani, unono ule unakaa udongoni miaka na miaka, unashika maji, unashika chakula. Watu wa shule wanauita kaboni. Mama yangu, ambaye hakusoma, anasema udongo mweusi ni udongo wenye akiba.

Haikuwa haraka, na ningekudanganya nikisema ilikuwa. Msimu uliofuata, kiraka kilitoa gunia moja na nusu. Mume wangu alilipima kwa macho, akavuka mto. Nilipanda kunde baada ya mpunga, nikazifukia zikiwa na maua, na jirani akaniuliza kama nimerogwa, kufukia chakula. Msimu mwingine, magunia mawili. Akavuka mto. Kila alipoondoka nilikwenda kwenye kiraka na kuchomeka vidole, na nadhani mara nyingine sikutafuta habari za udongo. Nilitafuta tu jambo moja maishani lililokuwa likiongezeka badala ya kwenda mbali. Vidole vilipita kiungo cha kwanza. Nyungunyungu wakarudi. Baada ya mvua, maji hayakukimbilia tena kijitoni, yalikaa, yakanywewa.

Mwaka wa nne alirudi kuvuna nami. Mpunga ulikuwa mzito, umeinama wote upande mmoja. Tulikata siku mbili, tukapura, tukapepeta. Mama mkwe alishika midomo ya magunia. La kwanza likajaa. La pili likajaa. La tatu tulimimina, tukamimina, tukakung'uta mkeka, na mashemeji wakaokota punje kwenye nyasi moja moja.

Lilifika nusu, na zaidi kidogo.

Mume wangu alilitikisa gunia, mpunga ukashuka, likaonekana dogo zaidi. Mama mkwe, ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa neno, alifunga tu kamba.

Kilikuwa kipindi cha kukata miti. Jioni ile alikaa mlangoni akinoa panga, na sauti ya jiwe kwenye chuma niliihisi kwenye meno. Nilimfungia unga na chumvi bila kuombwa. Sikutaka aondoke akidhani namzuia.

Alfajiri nafasi yake kitandani ilikuwa baridi. Nikatoka. Panga halikuwepo. Lakini furushi la unga lilikuwa pale pale nilipoliweka.

Nilimkuta kwa jirani, kwenye uwanja wa kupuria. Jirani alikuwa ameshika kijinga cha moto, tayari kuchoma majani yake ya mpunga, na mume wangu amesimama kati yake na lundo, akikata kamba za migomba kwa panga na kufunga mafungu.

"Papa, umeamuka na wazimu?" jirani alikuwa akiuliza. "Majani ya nini?"

"Ya kulisha," mume wangu alisema.

"Kulisha nini? Hauna ng'ombe!"

"Niko na nusu gunia ya kutafuta."

Aliponiona, alinitwika fungu kichwani, akatwaa mawili yeye, na tukateremka. Tulipofika nyumbani akachota maji, akaosha miguu, kisigino kwanza.

Hakuvuka tena ule mto. Gunia la tatu lilijaa msimu uliofuata, na hakuna aliyeshangilia, kwa sababu tulikuwa tumeshazoea kuwa pamoja.

Nayaandika haya nikiwa Kirotshe, ufukweni mwa ziwa. Mama yangu alianguka kwenye mteremko ule ule alionifundishia, akavunjika nyonga, na nimekaa naye karibu na hospitali tangu msimu uliopita wa kupanda. Barabara ya kwenda Mpofi imefungwa tena. Nimeuliza kila anayetoka upande huo, na kila mmoja ananiambia ningoje. Sasa mimi ndiye niliye mbali, na yeye ndiye anayekaa nyumbani. Asubuhi, wenzangu wanaouguza wagonjwa wanapomwaga maji ya kuoshea vyombo, nageuza kichwa. Siku hizi nimeacha hata kujicheka.

Mama ananiuliza kila jioni, "Hawajachoma majani?" Namwambia hawajachoma. Anasema vizuri, analala.

Mpofi mtandao unapatikana mahali pamoja tu karibu na nyumba yetu, kwenye jiwe la kijitoni, ukingoni mwa kiraka. Juzi mume wangu alipiga akiwa hapo. Alinipa habari kwa ufupi kama kawaida yake: watoto wazima, mama yake anasema nirudi na fromage safari hii, jirani naye sasa ana lundo na linanuka kwa sababu amelimwagia maji mengi.

"Mwambie alifunike, na aligeuze," nikasema. "Asikate tamaa. La kwanza hunuka." Kisha nikauliza nilichokuwa nataka kuuliza. "Umechomeka vidole?"

"Nimechomeka."

"Vimefika wapi?"

Nilisikia akiinama, simu ikikwaruza shati.

"Kiganja yote imeingia," akasema. "Imebakia ya kwako tu."

Sikukata simu. Naye hakukata. Nikasikia kopo likigonga jiwe, maji yakimwagika polepole, na ule wimbo wake usio na maneno. Nilibana simu sikioni mpaka uniti za simu yake zikaisha.